Mbwa Aliyekuja na Kivuli cha Mtu

Jumamosi asubuhi, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, Wiebke Harms alisimama na walezi wenzake wakingoja gari la mbwa kutoka Romania. Kila mmoja alishika chupa ya chai, mkanda wa shingoni, mkanda wa kifuani na kamba mbili. Kamba mbili ilikuwa sheria ya chama chao cha mbwa. Mbwa aliyetoka safarini akichomoka kwenye moja, ya pili imdake. Nyuma ya choo cha kituo palinuka mkojo wa madereva wa malori, lakini gari lilipofika na mlango wake ukafunguliwa, ule mkojo ukawa marashi.

Mbwa walitolewa mmoja mmoja, wamelowa mavi yao, wakitetemeka. Wa Wiebke alikuwa wa mwisho: dume la kimo cha kati, la kijivu lenye madoa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alipokanyaga lami jua likachungulia, na kivuli chake kikaanguka mbele yake. Kilikuwa kivuli cha mwanamume mrefu, amevaa aproni ndefu na mabuti ya mpira.

"Huyu ana kivuli cha mtu," dereva alisema. "Walikuandikia kwenye tangazo?"

"Hapana."

"Basi waambie waongeze. Ila tumbo lake zuri, hajahara tangu Hungaria."

Wiebke alimfunga kamba zote mbili, akampandisha garini. Kivuli kilijikunja kwenye kiti cha nyuma bila taabu.

Wiebke alikuwa mjane, mwuguzi mstaafu, na kazi yake ilikuwa kulea mbwa kwa muda hadi chama kiwapatie nyumba ya kudumu. Alikuwa amepanga chumba na jiko ghorofa ya chini, na mwenye nyumba alimruhusu mbwa mmoja tu. Kwa hiyo kila mbwa ilibidi apate nyumba kabla gari lingine halijafika, la sivyo anayekuja hana pa kufikia. Huyu chama kilimpa jina Anton. Tangazo lilisema ameokolewa barabarani, hana mtu duniani.

Siku za kazi, kuanzia alfajiri, kivuli cha Anton kilisimama kwenye ukuta wa jiko na kufanya kazi. Kiliinua mkono, kikashusha, kikavuta kitu kizito, kikakisukuma pembeni, kikainua mkono tena. Kila kiliposhusha mkono, ukuta ulitoa tone la maji mekundu yaliyofifia, na baada ya maji, shahamu. Shahamu iliteremka polepole ikaganda kwenye vigae. Wiebke aliipangusa kwa karatasi za jikoni na siki, akaikwangua kwa kisu pale iliposhika, akaikusanya kwenye makopo ya maziwa ya mgando kwa sababu ilishaziba bomba la sinki. Ilimwingia kwenye kucha. Alinawa, akanusa vidole, akanawa tena. Aliinusa hata kwenye mkate wake.

Ilikuwa harufu ya mji wetu, basi. Lüderbrook tunachinja nguruwe. Upepo ukitoka upande wa reli tunafunga madirisha, ukigeuka tunafungua, na hakuna anayeizungumzia, kama vile mtu asivyozungumzia ushuzi wa mgeni mezani. Tunachinja nguruwe wengi kuliko tunavyoweza kuwala, na wanaowachinja si sisi. Sisi ni watu wema. Tuna chama cha mbwa, chama cha nungunungu, chama cha vyura wanaovuka barabara majira ya kuchipua. Ukitaka kutapika, kaa tu karibu na watu wema wakati wanagawana shukrani.

Mwema kuliko wote alikuwa Ortrud Bohlken, mwenyekiti wa chama cha mbwa. Nyama hakuigusa tangu ujanani, na barabara ya kiwandani aliizunguka kwa gari ili asione malori ya nguruwe. Wiebke alimpigia simu siku ya tatu.

"Shoga, kivuli kinavuja."

"Kinavuja nini?"

"Shahamu. Ya nguruwe, nadhani."

"Maskini Anton. Ameteswa huko, huyo." Ortrud alishusha pumzi. "Nitaongeza kwenye tangazo."

Akaongeza. Tangazo sasa lilisomeka kwamba Anton ni mtulivu, anapatana na majike na madume, na kivuli chake kinahitaji uangalizi.

Watu walikuja kumwona. Mume na mke kutoka mji wa jirani walikaa jikoni, miguu wameiinua kidogo ili viatu visishike mafuta, wakakitazama kivuli kikikata.

"Kimehasiwa?" mume aliuliza.

"Mbwa amehasiwa. Kivuli sijui."

"Na paka je? Sisi tuna paka wawili. Kinapatana na paka?"

Wiebke alisema hajakijaribu kwa paka. Mke alitaka kujua kama kinaweza kufundishwa kukaa nje. Wakanywa kahawa, wakamsifu mbwa kwa macho yake, wakaahidi watapiga simu. Hawakupiga. Walifuata wengine, nao waliishia kwenye harufu. Mmoja alitapika kwa adabu kwenye sinki, akaomba radhi, akamwachia Anton mfupa wa kuchezea.

Alasiri moja ya katikati ya wiki Wiebke alirudisha chupa tupu dukani, akamchukua na mbwa. Kwenye mashine ya kupokea chupa palikuwa na foleni ya wanaume wenye magunia, wale wa kiwandani, wamemaliza zamu. Mmoja wao, mrefu, hakuwa na kivuli. Alikuwa akifanya kazi mjini kwetu tangu majira ya kuchipua na hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyemtazama. Anton alivuta kamba zote mbili kwa nguvu, Wiebke akaachia magunia yake.

Kivuli kilijinyoosha kwenye lami mpaka kwenye viatu vya yule mwanamume, kikamkaa sawasawa, kama mtu aliyerudishiwa koti lake. Mbwa akabaki na kivuli chake mwenyewe, kidogo, sikio moja juu.

"Grivei," mwanamume alisema. Akachuchumaa. Mbwa akamkalia miguuni na kumwegemea kwa uzito wake wote. "Umenenepa, mzee. Wanakulisha nini hawa?"

Nyuma yake alisimama mwenzake wa makamo, Gelu, aliyeijua lugha yetu. Huyo ndiye aliyeeleza. Mwanamume mrefu aliitwa Viorel. Mbwa ni wake, amemlea tangu hajafungua macho. Alipoondoka kuja kazini alimwacha kwa mama yake kijijini, na kwa kuwa mbwa aligoma kula, mama akasema amwachie kitu chake. Wengine huacha shati. Viorel alikuwa na mashati mawili na alihitaji yote mawili, akaacha kivuli. Mbwa akala. Kijijini mbwa hutembea mchana na jioni hurudi nyumbani, kama watu. Siku moja wakapita watu wenye nyavu, na jioni hiyo Grivei hakurudi.

"Mama yake analia kila akipiga simu," Gelu alisema. "Anaona aibu. Mbwa kampoteza, na kivuli cha mwanawe pia."

"Ni wangu, mama," Viorel alimwambia Wiebke, kwa yale maneno machache aliyokuwa nayo. "Naomba."

Wiebke alikuwa mtu wa haki. Alisema lazima azungumze na chama kwanza. Alipomvuta mbwa waondoke, kivuli kilichomoka kwenye viatu vya Viorel na kumfuata mbwa. Viorel alibaki kwenye foleni, miguuni peupe.

Ortrud alisikiliza hadithi yote bila kukatiza.

"Kwa hati, mwenye mbwa ni chama," alisema. "Lakini sitaki kuonekana nina ubaguzi. Aombe kama mwombaji mwingine yeyote. Tutaikagua nyumba yake kama tunavyomkagua kila mtu."

Huu ukaguzi ni jambo letu la fahari. Mtu anaweza kununua nyumba, bunduki au nguruwe elfu bila kuulizwa analala wapi, lakini akitaka mbwa wa kuokolewa, tunakuja kwake kuangalia. Tunapima urefu wa uzio. Tunahesabu ngazi, tunakagua mimea yenye sumu, tunauliza mbwa atalala chumba gani, nani atakuwa naye mchana, na kama mvua ikinyesha ana kona kavu.

Nyumba waliyokwenda kuikagua Ortrud na Wiebke, mbwa akiwa garini, ilikuwa upande wa reli, ya matofali mekundu, mapazia yamefungwa. Waliokaa humo walikuwa wanaume saba, na siku hiyo wote walikuwa wamefagia. Juu ya meza walitandika taulo safi kama kitambaa, wakapanga biskuti kwenye mfuniko wa sufuria. Viorel alivaa shati lake jeupe. Pembeni mwa mlango palikuwa na bakuli jipya la mbwa, bado lina karatasi ya dukani, na ndani yake maji.

Wasingeweza kufagia kuta. Kuvu ilipanda kutoka sakafuni hadi juu, nyeusi, yenye manyoya, na kwenye pembe ilikuwa mbichi ikimetameta. Bafu lilirudisha maji ya choo. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa limepigiliwa misumari. Magodoro yalikuwa sakafuni, yamebanana ukuta kwa ukuta, na kwenye kila godoro walilala wawili kwa zamu, huyu akitoka huyu anaingia, kwa hiyo shuka halikupata kupoa wala kukauka. Mende hawakukimbia mtu alipoingia. Walisogea tu kidogo, wenyeji wa siku nyingi.

"Wewe unalala wapi?" Ortrud aliuliza.

Viorel alionyesha. Alikuwa mrefu, na godoro lilianza kwenye mlango na kukomea kwenye kabati, kwa hiyo hulala kwa ubavu, magoti kifuani; akajilaza amwonyeshe.

"Mbwa akija alale upande wa ukutani," Gelu alitania. "Mimi nakoroma, atadhani ni dubu."

Ortrud hakucheka. Alikuwa amebana leso puani na machozi yalikuwa yakimtoka, machozi ya kweli. Lazima niliseme hilo, maana watu wa aina yake hawaigizi. Ndilo linalonichefua. Wangekuwa wanaigiza, mtu angejua pa kuwashika.

"Hapa haiwezekani," alisema. "Samahani sana. Nyumba hii haifai kwa mbwa. Hii kuvu itamla mapafu. Kiumbe hai hawezi kukaa hapa."

Gelu akatafsiri. Viorel akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

"Haifai," alikubali. "Kweli, mama. Haifai."

Na wengine nao wakakubali. Walichangamka. Mmoja akafungua mlango wa bafu ili aone vizuri zaidi, mwingine akamfunulia godoro, upande wa chini. Tangu wafike mjini kwetu hakuna mtu aliyeingia humo na kusema kwa sauti kwamba haifai, na sasa mwanamke mwenye kalamu amesema. Wakamtazama, wote saba, wakingoja neno linalofuata. Viorel alikuwa karibu kutabasamu.

Ortrud akafunika kalamu yake.

"Na kwa sisi je?" Gelu aliuliza baadaye kidogo. "Kwa watu inafaa?"

"Hilo si letu, bwana," Ortrud alisema kwa upole. "Sisi ni chama cha mbwa."

Viorel alisema jambo kwa Gelu, haraka haraka.

"Anasema basi mmpe ampeleke kwa mama yake kijijini. Huko pana uwanja, pana zizi, pana kila kitu."

"Hatuwezi kumrudisha mbwa kule alikookolewa. Tungekuwa watu gani?"

Ortrud alifikiri, kisha akawa mkarimu. Alisema kivuli, kwa upande mwingine, si mali ya chama. Viorel anaweza kukichukua hata leo, na kwa kweli itarahisisha kumpatia mbwa nyumba. Gelu akatafsiri. Viorel alimwangalia mbwa kupitia mlango uliokuwa wazi, amefungwa kwenye gari la Wiebke.

"Kibaki naye," alisema. "Asilale peke yake kwa watu asiowajua."

Ortrud aliwapa mkono wote saba. Garini alitoa chupa ya spiriti akajisugua viganja, halafu akamkaribisha Wiebke, ambaye alijisugua pia.

"Wale ni watu saba, Ortrud."

"Najua kuhesabu, shoga. Ndiyo maana nimemkatalia."

"Tungewaambia watu wa halmashauri."

"Ukiwaambia, nyumba itafungwa. Halafu watalala wapi? Usije ukawaletea balaa zaidi, wana yao ya kutosha."

Lilikuwa jibu zuri. Wiebke aliligeuza geuza njia nzima akaona halina pa kushika, na akashukuru moyoni kwamba halina. Usiku ule hakula. Asubuhi alikula.

Wiki hiyohiyo Harm Oltmanns alipiga simu. Bwana Oltmanns tunamfahamu sote, mtu wa watu, hufadhili timu ya watoto ya mpira, na ana nyumba kadhaa upande wa reli ambazo huwapangisha watu wa kiwandani. Ile ya Viorel ni mojawapo. Mbwa wao mzee alikufa wakati wa baridi, na mkewe, Insa, hakuweza kulala bila kusikia kitu kikipumua sakafuni. Safari hii, Bwana Oltmanns alisema, wangependa kumpa nafasi mbwa asiye na bahati. Kivuli hakiwasumbui. Baba yake alikuwa mchinjaji.

Ukaguzi ulichukua muda wa kunywa kahawa. Uzio ulimpita Ortrud kimo. Sakafu ilipashwa joto kutoka chini yake, bustani ilikuwa na kona tatu kavu, na kitanda cha mbwa kilishonwa na fundi kwa ajili ya viungo vya mbwa wakubwa. Wiebke aliuliza, akiitazama kahawa yake, kama Bwana Oltmanns amefika hivi karibuni kwenye zile nyumba za upande wa reli.

"Nina msimamizi," Bwana Oltmanns alisema. "Mimi mwenyewe siendi, nina pumu."

Nyani haoni kundule. Wiebke alilikumbuka hilo la nyani, lakini alilielekeza kwa Bwana Oltmanns tu.

Siku ya kumkabidhi mbwa, Viorel alikuja kwa Wiebke baada ya zamu. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye ngazi, kivuli kikamrudia kwa dakika hizo, akamshika Grivei kwa masikio yote mawili na kumwambia mambo kwa lugha yao. Kisha akatoa shati lake jeupe, akaomba liwekwe kwenye kitanda kipya cha mbwa. Sasa amebaki na moja. Ortrud alipokuja kumchukua mbwa alilinusa shati, akakunja uso.

"Linanuka kiwanda, hili. Linaweza kumrudisha nyuma."

Akalifua kwa maji ya moto, likatoka halina harufu ya mtu yeyote, ndipo akalipeleka.

Baada ya majuma kadhaa hufuata ukaguzi wa pili, wa kuona kama mbwa amezoea. Ulifanyika Jumapili kwa Oltmanns, na kwa desturi yetu pakawa na keki. Walikuwapo Ortrud, Wiebke, na mwenyekiti wa chama cha nungunungu aliyekuja kama jirani. Anton alikuwa amenawiri. Alilala kwenye kitanda chake cha fundi, manyoya yanang'aa, akanyanyua macho walipoingia na kuyashusha tena. Insa alisema hula vizuri, ila kila saa ya zamu kumalizika huenda kusimama kwenye uzio wa upande wa reli. Ortrud alisema hilo ni la kawaida, huwa linapoa.

Kivuli wamekitengenezea mahali. Karibu na mlango wa bustani wametandika zulia la plastiki lenye kingo zilizoinuka, la kuzuia shahamu, na Insa huimwaga kila jioni kwenye ndoo. Hawakutulia mwanzoni kwa sababu ya harufu. Sasa hawaisikii. Jumapili hiyo Viorel alikuwa amelala upande wa pili wa reli, kwa hiyo kivuli nacho kilikuwa kimelala juu ya zulia, ndani ya sebule pana yenye joto, kwa ubavu, magoti kifuani. Kilikuwa kikikohoa, bila sauti, na kila kikohozi kilisogeza mafuta kidogo hadi ukingoni.

Mwenyekiti wa chama cha nungunungu alikitazama akitafuna.

"Mbona kimejikunja hivyo? Nafasi yote hii, na miguu hakinyooshi."

Wiebke aliweka uma wake chini. Alihisi kinyaa, kinyaa cha kila kitu mezani na cha mikono yake mwenyewe, na kwa kitambo kidogo ilionekana atasema neno.

"Ni mazoea yao," Bwana Oltmanns alisema. "Huko kwao wanalala hivyo."

Wote walikitazama kivuli kwa huruma. Insa akauliza nani anaongezewa krimu, na Wiebke akamsogezea sahani yake.